Kumkutanisha simbilisi mgeni na mwenyeji wake: mwongozo kwa wafugaji wa Mombasa

Simbilisi anayefugwa peke yake huishi, lakini hakai raha. Ni mnyama wa kundi, na maelfu ya miaka ya kufugwa na wakazi wa milima ya Andes kwa ajili ya kitoweo hayakumwondolea hulka hiyo. Huko Uswisi, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2008 zinakataza kabisa kumfuga mmoja pasipo mwenzake. Hapa kwetu hapana mkaguzi atakayebisha hodi, ila mfugaji aliyefiwa na mmoja kati ya wawili hahitaji kuambiwa: yule aliyebaki hukaa pembeni, hula kwa uvivu, na ule mlio wake mkali wa asubuhi, anaposikia mfuko wa mboga ukifunguliwa, hupungua siku baada ya siku.

Kumtafuta mwenzake ndiyo dawa. Hata hivyo, simbilisi wawili wasiojuana hawakutanishwi kwa kuwatia tu katika kizimba kimoja na kufunga mlango. Mikosi mingi niliyoiona, pamoja na ile niliyoisababisha mwenyewe, ilitokana na mkono wa mfugaji, ambao huharakisha kuwakutanisha na kisha, wanapoanza kelele za kawaida, huharakisha kuwatenganisha.

Hatua ya kwanza: hakikisha jinsia kwa macho yako

Usikubali neno la muuzaji. Mimi niliwahi kuuziwa "madume wawili" kando ya barabara, nikawaweka pamoja kwa amani kubwa, na baada ya miezi miwili na siku kadhaa nikainua leso kuukuu iliyowafunika nikakuta vichwa vitano badala ya viwili. Watoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya kamili na macho wazi, na siku ya pili mmoja wao alikuwa tayari anatafuna ncha ya jani la mchicha. Lilikuwa jambo la kupendeza kulitazama, lakini jike anayezaa huweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kujifungua iwapo dume yupo karibu, kwa hiyo usiku ule sikulala mpaka nilipompata mtu wa kuniazima kizimba cha pili.

Ili kukagua, mwekee mnyama kiganja kimoja chini ya kifua na kingine chini ya makalio, kisha mgeuze taratibu aegemee tumbo lako. Jike ana mkunjo unaofanana na herufi Y, ilhali dume ana kidutu cha mviringo, na ukibonyeza kwa upole sana juu yake, uume hujitokeza. Kwa watoto walio chini ya mwezi mmoja hata mzoefu hukosea, kwa hiyo kagua mara mbili, na uache wiki moja katikati.

Majike wawili kwa kawaida hupatana. Madume wawili pia hupatana, hasa mmoja akiwa mtu mzima na mwingine angali mdogo, mradi nafasi iwe kubwa na pasiwe na jike yeyote ndani ya chumba hicho, kwani harufu yake peke yake yatosha kuwagombanisha. Madume watatu sishauri. Dume na jike ni jozi tulivu kuliko zote iwapo dume amehasiwa, lakini upasuaji huo unataka daktari wa mifugo aliyezoea wanyama wadogo, na baada yake ni lazima kungoja wiki sita kabla ya kumsogeza karibu na jike, maana mbegu haziishi mara moja. Kuwaweka dume mzima na jike pamoja ukidhani utawatenganisha "wakikua" ni kujidanganya. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki nne hivi, na kwa upande mwingine, jike ambaye hajawahi kuzaa hadi kupita miezi saba huwa katika hatari ya kufa uzazini, kwa sababu kiungo cha mbele cha nyonga yake kimekwisha kukaza.

Hatua ya pili: wiki tatu za karantini

Husemwa "mgeni njoo, mwenyeji apone", lakini simbilisi mgeni huweza kuja na yale yatakayomuua mwenyeji. Mweke katika chumba tofauti, si kizimba tofauti ndani ya chumba kilekile, kwa muda wa wiki tatu. Anza kumhudumia mwenyeji, kisha umwendee mgeni, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Vyombo vyao visichanganyike.

Najua kwamba katika nyumba nyingi za Kibokoni au Majengo chumba cha ziada ni ndoto. Afadhali umwombe dada au jirani akuwekee mgeni wako kwa wiki hizo kuliko kumpeleka juani kwenye dari la nyumba, ambako kunguru hawana huruma na paka wa mjini hupita wapendavyo. Ikiwa huna budi kumweka uani, kizimba kiwe na paa, kivuli cha kutwa na waya wenye matundu madogo, tena miguu yake ikae ndani ya makopo yenye maji ili siafu wasipande. Asiwekwe pia pamoja na sungura, hata kama wanaonekana kupendana. Sungura huweza kubeba bakteria wa njia ya hewa bila kuumia, na bakteria haohao wakamletea simbilisi homa ya mapafu.

Katika wiki hizi tazama pua na macho: chafya za mfululizo, makamasi au tongotongo ni dalili za ugonjwa wa njia ya hewa. Tazama ngozi: akijikuna bila kupumzika, akinyofoka manyoya mgongoni, au akishtuka kwa maumivu unapomgusa, kuna utitiri, ambao kwa mnyama huyu huwasha kiasi cha kumsababishia kifafa. Mabaka yasiyo na manyoya puani na masikioni, yenye magamba, ni choa, na hayo huambukiza watu, watoto kwanza. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni na uandike. Mtu mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200 hivi, lakini namba yenyewe si muhimu kama mwelekeo wake, maana simbilisi huficha ugonjwa mpaka mwisho, na mizani husema kabla yake.

Ukiona lolote kati ya hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na nakusihi usiende duka la dawa kununua vidonge vya amoksilini ukavisaga kwenye maji. Dawa za jamii ya penisilini, zikipitia mdomoni, huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na kuwaachia wabaya watoe sumu. Mnyama aliyekuwa na mafua tu hufa kwa kuhara.

Hatua ya tatu: harufu itangulie

Simbilisi hutambuana kwa pua. Siku nne au tano za mwisho wa karantini, ikiwa mgeni ameonekana mzima, chukua kipande cha kitambaa alicholalia ukiweke kwa mwenyeji, na cha mwenyeji ukipeleke kwa mgeni. Mwenyeji atakinusa, huenda atakikojolea au kuburuta makalio juu yake ili kuacha harufu yake mwenyewe. Mwache afanye hivyo.

Karantini ikiisha, waweza kusogeza vizimba viwili viwe sambamba kwa siku moja au mbili, ukiacha nafasi ya upana wa vidole vitatu ili wasing'atane midomo kupitia kwenye waya. Wapo wanaoacha hali hiyo iendelee kwa wiki nzima na zaidi. Siungi mkono, hasa kwa madume, kwa sababu kuonana bila kufikiana huwajaza hasira ambayo hawana pa kuitolea.

Hatua ya nne: chagua saa na mahali

Vitabu vilivyoandikwa ughaibuni havizungumzii kaskazi, nasi lazima tuizungumzie. Mnyama huyu, mwenye manyoya mazito na asiyetoka jasho kama sisi, huwa na raha katika joto la nyuzi 18 hadi 23, na likipanda kuelekea nyuzi 30 huanza kuwa hatarini. Kati ya Desemba na Machi Mombasa hupita kiwango hicho karibu kila mchana, tena kukiwa na unyevu. Kukimbizana na kuzozana huongeza joto la mwili haraka sana. Kwa hiyo, ukiweza, panga mkutano katika miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, na kama huwezi kungoja, uanze mara baada ya sala ya alfajiri, sakafu ingali baridi. Gandisha chupa mbili za maji, uzivike soksi au kitambaa, uzilaze ukingoni mwa uwanja. Simbilisi anayehema mdomo wazi, anayetokwa na mate au anayejilaza kama kitambaa kilichotupwa amezidiwa na joto. Hapo mkutano umekwisha, mfute masikio na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umtafutie daktari.

Uwanja uwe mahali ambapo hakuna kati yao amewahi kukaa wala kukojoa. Sebule hufaa. Tandika leso kuukuu au shuka, kwa sababu vigae huteleza na mnyama anayeteleza huogopa. Zungushia mbao au maboksi yaliyobanwa pamoja, upate eneo la mita mbili kwa moja na nusu. Katikati weka rundo kubwa la nyasi kavu. Zile za Rhodes, zinazouzwa kwa marobota kwa wafugaji wa ng'ombe, ni nzuri sana, mradi hazina vumbi wala ukungu. Juu yake tawanya mboga ulizotoka nazo Kongowea au Marikiti: majani machache ya sukuma wiki, dania, vipande vya pilipili hoho nene zisizowasha. Pilipili hoho ina faida nyingine, kwani mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, naye huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Parachichi lisiwepo kabisa, ni sumu kwake.

Vijumba vya kujificha viwe maboksi ya katoni yaliyotobolewa milango miwili, mmoja kila upande. Boksi lenye mlango mmoja hugeuka mtego, maana mnyonge huingia, mbabe huziba mlango, na ugomvi ambao ungeisha kwa kukimbia huisha kwa damu.

Weka karibu nawe taulo nene na kizoleo cha taka. Mkono mtupu usitie katikati ya simbilisi wanaopigana, kwa kuwa meno yao hukutana ndani ya kidole.

Hatua ya tano: mkutano wenyewe

Waweke wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, kisha kaa chini na unyamaze. Wale chakula chao cha kawaida kabla ya hapo, kwani njaa haileti adabu.

Nitaeleza ilivyokuwa kwangu, nilipomleta Tende, jike wa miezi mitatu, kwa Kashata, jike wa miaka miwili aliyekuwa amefiwa. Kwa dakika mbili kila mmoja alijifanya hamwoni mwenzake. Kisha Kashata akaja hatua fupi fupi, akamnusa pua, akamzunguka akamnusa nyuma. Tende akaruka mbele kidogo na kutoa mlio mwembamba wa kulalama. Hapo Kashata akaanza kunguruma, sauti ya chini inayotetema, kama simu iliyowekwa bila mlio juu ya meza ya mbao, huku akitikisa nyonga kulia na kushoto kwa mwendo wa maringo. Akampanda kutoka nyuma, akampanda tena kutoka upande wa kichwa, kwa makosa. Tende akakimbia, akafukuzwa, wakazunguka rundo la nyasi mara sita au saba.

Mama yangu mkubwa alikuwa amekaa kitini na kikombe chake cha kahawa. "Wauana hao, mwanangu! Watenge!"

"Waache, mama. Waulizana tu nani mkubwa."

"Na mdogo akisema ni yeye?"

Swali lake lilikuwa zuri, na ndilo hasa la kuangalia. Mambo yote niliyoyataja, yaani kunusana, kunguruma, kutikisa nyonga, kupandana, kufukuzana, kunyofoana unyoya mmoja mmoja na mlio wa kulalama, ni mazungumzo ya kupanga cheo. Mara nyingi utawaona wameinua pua juu, kila mmoja akijaribu kuiweka yake juu zaidi, na wa kwanza kuishusha ndiye aliyekubali. Ukiwatenganisha katikati ya mazungumzo hayo, umeyafuta, na kesho wataanza upya, wakiwa wamechoka na wewe ukiwa umeogopa zaidi. Tende alishusha pua katika dakika ya arubaini. Baada ya hapo walikula jani moja la sukuma wiki, kila mmoja kutoka ncha yake, mpaka Kashata akalipokonya.

Sogeza macho karibu zaidi ukisikia meno yakigonganishwa kwa kasi, ukiona manyoya ya shingoni yamesimama, mwili umetanuka na kukakamaa, au mmoja akipiga miayo mirefu inayoonyesha meno yote, kwani miayo hiyo si ya usingizi. Dalili hizi zikija na kupita, endelea kungoja. Zikidumu kwa wote wawili pamoja, watupie kipande cha pilipili hoho katikati au upige kofi moja, ili fikra zao zihame.

Watenganishe pale tu wanapojifunga pamoja wakawa kama mpira mmoja wa manyoya unaobingirika, au inapotoka damu iliyo zaidi ya mkwaruzo. Watupie taulo juu, ingiza kizoleo kati yao, umwondoe mmoja. Osha jeraha kwa maji yenye chumvi kidogo, likague kila siku kwa sababu ya usaha unaojikusanya chini ya ngozi, na usijaribu tena kabla ya wiki mbili.

Mkutano uendelee kwa saa nyingi, hata nne au tano, mpaka uwaone wamelala au wamekula karibu na mwenzake bila kufukuzana.

Hatua ya sita: kuwahamishia nyumba moja

Wakati wao wamejipumzikia sebuleni, mwenzako akaoshe kizimba. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huyeyusha ukoga mweupe wa mkojo na kuondoa harufu ya umiliki. Badilisha matandiko yote, badilisha mpangilio wa vyombo, ili mwenyeji naye aingie kama mgeni. Eneo la kizimba cha wawili lisipungue mita moja ya mraba, na kwa madume liwe kubwa zaidi. Sakafu iwe ngumu, maana ya waya huwaumiza nyayo zikavimba na kuoza. Maranda ya mbao yenye harufu kali hayafai kwa mapafu yao. Nyasi kavu juu ya kitambaa kinene zatosha.

Kila kitu kiwe viwili: chupa za maji, bakuli, vijumba, marundo ya nyasi, na viwekwe mbalimbali ili mmoja asiweze kulinda vyote kwa kukaa mahali pamoja. Kuhama huamsha fukuzana jipya kwa nusu saa au zaidi, nalo ni la kawaida. Kwa sababu hiyo usiwahamishe usiku ukaenda kulala. Wahamishe mchana, siku ambayo utakuwa nyumbani.

Wiki zinazofuata

Endelea kuwapima wote wawili, kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Ukiona mmoja amepungua gramu 50 au zaidi, kaa umtazame wakati wa chakula, huenda mwenzake anamfukuza kwenye bakuli bila kelele yoyote. Mnyanyaso wa namna hiyo ni mbaya kuliko ugomvi wa wazi, kwa sababu hauonekani.

Usishtuke amani ikivurugika kwa siku moja kila baada ya majuma mawili. Majike hupata joto la uzazi kila siku 16 hivi, na siku hiyo hunguruma na kupandana kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Dume mdogo naye, anapofika miezi mitatu au minne, huanza kudai cheo alichokiacha utotoni. Ongeza nafasi na nyasi, usiongeze mikono. Dalili ya kuwa mambo yametulia ni pale mmoja anaporuka ghafla hewani, akajipinda na kutua, kisha akaruka tena, mfano wa bisi kwenye sufuria, na mwenzake akamwiga.

Wapo wachache ambao, baada ya majaribio mawili au matatu yaliyopangwa vizuri, hawapatani. Usiwalazimishe, wala usimrudishe mgeni barabarani alikotoka. Gawa kizimba kikubwa kwa waya wenye matundu madogo, kila mmoja awe na upande wake, na vijumba vyao uviegemeze kwenye waya huo, ili walale wakisikiana pumzi.